Usimwamshe

Mlango ulifunguliwa kabla Dada Pole hajamaliza kupiga hodi, na mwanamke aliyeufungua alikuwa tayari ameweka kidole mdomoni.

"Taratibu, binti. Amelala."

Dada Pole aliitikia kwa kichwa, akavua viatu bila kuambiwa, akaingia kwa ncha za vidole kama mwizi. Hakuuliza zaidi. Yeye alikuwa mshauri wa familia katika kituo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka majumbani kuona wazazi wanaendeleaje, kuwaelekeza hili na lile, na mara nyingi kukaa tu kwenye kochi na kuwaacha walie. Jambo la kwanza alilojifunza katika kazi hiyo, ambalo chuoni hakuna aliyemfundisha, ni kwamba mtoto asiyelala akipata usingizi, nyumba nzima husimama. Redio huzimwa. Simu hufukiwa chini ya mto. Mgeni ambaye angethubutu kusema "mwamsheni nimwone" asingekaribishwa tena, na kituoni wenzake wangemcheka mpaka siku ya kustaafu.

Hilo jina la Dada Pole alibandikwa na akina mama wenyewe, kwa sababu ya sauti yake ndogo, na kwa sababu lolote uliloanza kumweleza alilipokea kwa "pole". Paa linavuja, pole. Mtoto anaumwa, pole. Mama mmoja mcheshi aliapa kwamba siku aliyomwambia mume wake amepandishwa cheo, binti wa watu alisema pole kwanza ndipo akaziba mdomo. Alikuwa mwenye haya hasa, wa kuongea huku akitazama vidole vyake, na wazazi walimpenda kwa hilo. Wataalamu wengine walikuja kuwafundisha. Huyu alikuja kama aliyepotea njia akaomba maji.

Siku hiyo nyumba ilikuwa inang'aa. Sakafu imepigwa deki, mapazia yamefuliwa, na katikati ya meza kimesimama chombo cha kioo chenye maua ya plastiki. Dada Pole alikikodolea macho. Si zamani sana, kioo kisingemaliza nusu siku katika nyumba hii. Vikombe vyote vilikuwa vya plastiki, picha zilitundikwa juu karibu na dari, na kabati la televisheni lilifungwa kwa kamba kama mzigo wa safari.

"Unaona mwenyewe," alinong'ona yule mwanamke, Shangazi wa mtoto, akimvutia kiti. "Nyumba imekuwa nyumba."

"Hongereni," alinong'ona Dada Pole.

Kwenye kona, mama wa nyumba hiyo aliinua mkono kumsalimu, kisha akarudisha mguu kwenye pedali. Cherehani ikaanza kunguruma. Dada Pole alikunywa chai yake polepole, akasikiliza habari njema moja baada ya nyingine kwa kunong'onezwa, akaondoka akiwa mwepesi moyoni. Alikuwa nje tayari alipohisi kitu kidogo kikimkwaruza, kama uzi uliobaki ndani ya kola ya nguo. Hakukijua ni nini. Akakipuuza.

*

Mtoto wa nyumba hiyo walimwita Filimbi. Alikuwa msichana wa miaka minane, mwenye macho makubwa na miguu isiyotulia, ambaye hakuwa na neno hata moja lakini alikuwa na sauti. Akifurahi alitoa mlio mmoja mwembamba, mrefu, uliopita ukutani kama vile ukuta ni karatasi. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa akisema mtaa ule hauhitaji jogoo.

Kabla Shangazi hajaja, kilichomshinda Filimbi kilikuwa usingizi. Alisinzia kidogo jioni, kisha akaamka akiwa na nguvu za siku mbili. Alipanda meza, alimwaga maji, alitembea ukutani kwa viganja vyake huku akicheka. Ajabu ni kwamba kelele zake mwenyewe hazikumsumbua kabisa, ila za wengine zilimchoma. Cherehani hasa. Ikinguruma tu, hata akiwa chumba cha pili, aliziba masikio na kulia mpaka akatapika. Kwa hiyo mama yake, ambaye ndiye fundi wa sare za shule karibu zote za mtaa ule, aliifunika cherehani kwa shuka ikawa kama maiti pale kwenye kona.

Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alipita nyumbani kama mtu anayepita kituo cha mafuta.

"Usingizi umenipanda mpaka kwenye nywele," mama alimwambia Dada Pole wakati ule, akijaribu kucheka. "Juzi nimemwagia chumvi kwenye chai, nikainywa yote, ndipo nikajua."

"Pole, dada."

"Usinipe pole. Nisikilize." Akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Kuna siku nitamfanya kitu huyu mtoto. Sitaki, lakini nitamfanya. Halafu mtakuja wote kunishangaa."

Maneno ya namna hiyo Dada Pole alikuwa ameyasoma vitabuni, lakini hajawahi kushikwa mkono nayo. Alitafuta la kusema, akapata moja tu. "Hamna ndugu anayeweza kuja kukaa na nyinyi? Hata kwa muda?"

Mama alifikiri. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka deni, "Yupo wifi yangu."

Ndivyo Shangazi alivyokuja. Alikuwa dada mkubwa wa baba yake Filimbi, mwanamke mrefu, msafi, mwenye sauti ya kutuliza. Maisha yake yote alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, na alijivunia kwamba katika bweni lake taa ikizimwa ungeweza kusikia mbu akitua. Alifika na sanduku moja na ndala za plastiki ngumu zilizolia kwa-kwa-kwa sakafuni. Siku chache baadaye, mama alimpigia simu Dada Pole akilia kwa furaha. Amelala, alisema. Dada Pole, mwanangu amelala, na mimi nimelala.

Kituoni habari zilipokelewa kwa makofi. Mkuu wa kituo, mwanamume mnene aliyependa sana kusikika, alimwita Dada Pole ofisini na kumwambia familia hiyo itasimama mbele ya wazazi wengine kwenye mkutano ujao, iwaeleze walivyofanya.

"Na wewe utawatambulisha," alisema. "Acha kutazama vidole, mama! Hii ni kazi yako. Vimba kidogo!"

Dada Pole alijaribu kuvimba. Alipofika mlangoni alikuwa ameshapungua.

*

Alirudi pale nyumbani baada ya wiki moja kuwaeleza kuhusu mkutano. Aliyemfungulia ni Shangazi, kidole mdomoni.

"Amelala."

"Ah. Basi sitakaa sana," alinong'ona.

Alikaa. Chai ililetwa. Cherehani iliendelea kwenye kona, rundo la mashati meupe likapanda, na mama akazungumza bila kuinua kichwa. Alikuwa amenenepa usoni. Ngozi imerudi kuwa na rangi. Lakini alikuwa na namna mpya ya kushona, haraka haraka, kama mtu anayefukuzwa.

"Anakula vizuri?" Dada Pole aliuliza.

"Anakula," alijibu Shangazi.

"Na zile kadi za picha, anazitumia? Ile ya kuomba maji, ile ya choo?"

"Huyu sasa hana haja ya makadi," alisema Shangazi kwa upole. "Mtoto akitulia, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Mimi nimelea mabinti wa watu, binti yangu. Wote walikuja wakipiga kelele."

Mama alikata uzi kwa meno.

Nje, fundi viatu alikuwa amekaa chini ya mwavuli wake uliochakaa, kiatu cha mtu kimebanwa katikati ya magoti. Alimwona Dada Pole akipita, akamwita.

"Mheshimiwa Pole! Hebu nisaidie. Filimbi mmempeleka wapi?"

"Yupo ndani. Amelala."

"Amelala!" Akapiga msumari. "Siku zote ni kulala tu? Mimi siku hizi nachelewa kuamka, wateja wananitukana. Nilikuwa nalalamika, kumbe nalalamikia saa yangu." Akacheka peke yake, kisha kicheko kikamwishia katikati. "Hata jua hajatoka kuota. Nilidhani amehamishwa."

"Hapana, baba. Ni usingizi tu. Alikuwa na deni kubwa la usingizi."

"Mh," alisema fundi viatu, akainamia kiatu chake. "Kama analipa, basi analipa na riba."

Dada Pole alicheka kwa adabu, akaendelea na safari. Alikuwa amefika kwenye kona ya barabara aliposimama ghafla, mtu wa nyuma yake akamgonga. Ule uzi uliokuwa ukimkwaruza tangu wiki iliyopita ulikuwa umetokeza, na sasa aliuona wote.

Walikuwa wakinong'ona. Yeye na Shangazi, vichwa vimekaribiana, wananong'ona kama wapo msibani ili mtoto asiamke. Na wakati wote huo cherehani ilikuwa ikinguruma.

*

Hakurudi siku hiyo. Hilo ndilo lililomwuma baadaye kuliko yote. Alisimama pale kwenye kona akijiambia kwamba pengine mtoto amezoea. Watoto huzoea. Aende akagonge mlango aseme nini? Kwamba hawaamini? Mama wa watu anashona, anakula, anacheka, halafu aje yeye na sauti yake ndogo kuvuruga?

Kituoni alimkuta Kaka Mpira, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akijaza upepo lile dude kubwa la mpira ambalo watoto hulalia tumbo. Walimwita hivyo kwa sababu hiyo, na kwa sababu alifanana nalo. Kwa kawaida alikuwa mtu wa masihara.

"Familia ya mfano wanaendeleaje?" aliuliza.

"Vizuri. Nyumba safi mno."

"Na mtoto?"

"Amelala."

"Ni vizuri. Na wiki iliyopita?"

Dada Pole alitazama vidole vyake. "Alikuwa amelala."

Kaka Mpira aliacha kupampu. Upepo ulianza kutoka taratibu kwenye tundu, fsss, na hakuna aliyeuziba.

"Mara ya mwisho kumwona kwa macho yako ni lini?"

Dada Pole alikunja vidole kimoja kimoja. Alikuwa akihesabu, na kila alipodhani amefika mwisho wa hesabu alikuta bado inaendelea kurudi nyuma, mpaka kabla ndala zile hazijaingia katika nyumba ile.

"Mimi huko siwezi kwenda, hawanijui," alisema Kaka Mpira kwa sauti ya chini. "Lakini wewe wanakufungulia mlango."

*

Alikwenda kesho yake asubuhi, bila miadi. Jua lilikuwa limeshapanda, saa ambayo watoto wengine wako darasani na Filimbi wa zamani angekuwa amepanda dirishani anaimbia magari. Njia nzima alijipanga. Nitasema hivi, nitasema vile. Mlango ulipofunguliwa, yote aliyoyapanga yakatawanyika kama shanga.

"Amelala," alisema Shangazi. Safari hii hakuweka kidole mdomoni, wala hakusogea kumpisha. "Na leo si siku yako."

"Ndiyo, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba."

"Nilikuwa... Naomba nimwone."

"Umwamshe?"

Lile neno lilimchoma kama tusi. Angeweza kuondoka. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kugeuka. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, ndogo kama kawaida, ikisema jambo ambalo hakulipanga.

"Hapana. Simwamshi. Nitakaa nisubiri mpaka aamke."

Shangazi alimtazama kwa muda. Katika ustaarabu wao wote hakuna mlango uliobaki wa kumtolea mgeni aliyeomba kukaa tu. Akampisha.

Basi akakaa. Mama alikuwa kwenye cherehani, mashati yamezidi kuwa mengi, na alipomwona Dada Pole alitabasamu, lakini tabasamu hilo halikufika machoni. Chai haikuletwa. Shangazi aliketi mkabala, mikono mapajani, mgongo umenyooka, kati ya mgeni na mlango wa chumba cha mtoto. Mlango ule ulikuwa umepakwa rangi mpya ya krimu. Chini karibu na sakafu, rangi ilipokuwa nyepesi, bado zilionekana alama za viganja vidogo.

Muda ulipita. Gari la maji lilipita nje likipiga honi ya kuamsha wafu. Dada Pole aliutazama mlango. Hakuna kilichotikisika.

"Una haraka ya kuolewa, binti?" Shangazi aliuliza ghafla, kwa upole wake ule ule.

"Eh? Hapana, Shangazi."

"Ni vizuri. Maana mume anataka mwanamke anayejua nyumba ya mtu inaishia wapi." Akatoa uzi kwenye gauni lake. "Wifi yangu huyu, nilipokuja nilimkuta amekaa sakafuni jikoni, ameshika kisu, anakitazama tu. Hakikuwa na kitunguu wala nini. Wewe ulikuwa wapi?"

Dada Pole aliinamisha macho kwenye vidole vyake.

"Ulikuwa unasema pole. Mimi nikaja nikafanya kazi. Sasa unataka kwenda kusema nini huko kwenu? Ukisema, mtoto anachukuliwa, anapelekwa kwenye makao ya watu asiowajua. Ndicho unachotaka?"

"Sitaki hivyo."

"Basi nenda nyumbani."

Mama alizidisha kasi. Cherehani ililia ta-ta-ta-ta mfululizo, sindano ikapanda na kushuka, shati likapita upande huu likatokea upande wa pili. Ilikuwa kama anajenga ukuta wa kelele ajifiche nyuma yake. Dada Pole alimwangalia mguu wake kwenye pedali, na machozi yalianza kumlenga, kwa sababu alikwishajua, na alijua kwamba mama naye anajua.

"Dada," alisema. Ilibidi apaze sauti, na hakuwa amezoea. "Dada, mbona cherehani haimwamshi?"

Mguu ukasimama.

Nje fundi viatu alikuwa akigonga kisigino. Bomba lilikuwa likidondosha maji jikoni. Wanawake watatu walikaa wakisikiliza kuelekea upande mmoja, na kutoka upande huo hakikuja kitu. Hata kujigeuza. Hata kikohozi.

Mama alisimama. Rundo la mashati lilianguka sakafuni.

"Wifi," alisema Shangazi. "Usimwamshe."

Mama alimpita kama vile pale hapana mtu.

Chumba kilikuwa safi, pazia limefungwa, hewa nzito yenye harufu tamutamu ya dawa ya maji. Filimbi alikuwa amelala chali, shuka limekunjwa vizuri mpaka kifuani, mikono imenyooshwa pembeni kama ya mtu aliyepangwa. Alikuwa amekonda. Midomo imepauka, na kila pumzi ilikawia kiasi kwamba Dada Pole, aliyekuwa mlangoni, alijikuta akiisubiri huku ameishika ya kwake.

"Mama," alisema mama, akimwita binti yake kwa jina la mapenzi. "Mama, amka. Amka, mama yangu."

Alimtikisa. Kichwa kiligeuka upande mmoja kikabaki huko huko.

*

Fundi viatu ndiye aliyesimama katikati ya barabara, kiatu cha mteja bado mkononi, akalizuia gari la mizigo lililokuwa limebeba magodoro. Walimpakia Filimbi mbele, mapajani kwa mama yake. Dada Pole na Shangazi walipanda nyuma. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa gari kwa mikono miwili, kilemba kimefunguka, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

Hospitalini walimchukua mbio ndani. Baadaye daktari kijana alitoka, uso umechoka, akawakabili wote watatu kwenye benchi la korido.

"Amekunywa nini?"

Shangazi alikaza kilemba chake.

"Sitaki kumfunga mtu. Nataka kujua kilichomo tumboni mwa mtoto. Amekunywa nini, kiasi gani, lini?"

"Dawa ya mafua," alisema Shangazi. Sauti ilikuwa imara. "Ya maji, ya watoto, inauzwa kila duka. Kijiko tu, asubuhi na jioni. Inamtuliza. Leo asubuhi nimempa kijiko chake, basi."

Daktari alitikisa kichwa. "Kijiko kimoja hakimfikishi alipofika."

"Nakwambia ni kimoja. Mimi si mtu wa kuua mtoto wa kaka yangu."

"Na mimi nilimpa."

Walimgeukia mama. Alikuwa akiitazama sakafu, na alizungumza polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Nampa alfajiri, kabla Wifi hajaamka. Na mchana, akiwa sokoni. Niliona inafanya kazi. Nilikuwa na sare za kumaliza." Akainua macho. "Nilidhani yeye amepunguza. Hakuniambia, na mimi sikumwambia. Tulikuwa tunamtunza kila mtu kivyake."

"Tangu lini?" aliuliza Shangazi, na safari hii sauti ilimkatika.

"Tangu nilipolala usiku kucha mara ya kwanza."

Daktari aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Macho yake yalipofika kwa Dada Pole yalikaa. "Na wewe ni nani wao?"

"Mshauri wao," alisema Dada Pole. Alitaka kuongeza lile neno alilolizoea, akaliacha. "Niliambiwa amelala. Sikuingia."

"Mngekawia kidogo..." daktari alianza, kisha akaona haifai, akarudi ndani.

Shangazi aliinuka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Ndala zake zilisikika mpaka mwisho wa korido. Walipobaki wawili, mama alisema bila kugeuka, "Ulikuja, ukaangalia nyumba, ukasema hongereni. Nilikuwa nakutazama kila mara. Nilikuwa nasema moyoni, leo atauliza. Leo ataingia. Nikawa naomba usiingie."

Dada Pole alimshika mkono. Ulikuwa wa moto safari hii. Mama hakuurudisha wala hakuukaza.

"Nitasema kituoni," alisema Dada Pole. "Yote. Na langu."

"Watamchukua?"

"Sijui."

"Ungeweza kunidanganya."

"Ndiyo," alisema Dada Pole. "Ningeweza."

*

Jioni, jua likiwa limeshuka mpaka usawa wa madirisha, waliruhusiwa kuingia. Filimbi alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, mrija umebandikwa mkononi. Alikuwa amefumbua macho.

Mama alijibana mdomo kwa kanga ili asipige yowe. Alisogea akapiga magoti pembeni ya kitanda. Filimbi hakumtazama. Alikuwa akitazama mraba wa mwanga wa machweo juu ya ukuta, na vidole vya mkono wake usiofungwa vilikuwa vikitembea juu ya shuka, taratibu sana, kama vinajifunza upya. Dada Pole alisimama miguuni pa kitanda, akiogopa hata kupumua. Macho yale yalikuwa makubwa kuliko alivyoyakumbuka.

Ndipo zikasikika ndala koridoni. Kwa. Kwa. Kwa.

Vidole vya Filimbi vilisimama. Macho yake yaligeuka kuelekea mlangoni, haraka, mara moja tu. Kisha akayafumba. Alinyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili. Mkono alioweza kuusogeza akauweka pembeni, umenyooka. Akabaki hivyo, chali, uso umetulia kabisa, kama vile hajawahi kuamka katika maisha yake.

Mama aliona. Dada Pole aliona kwamba ameona.

Shangazi alitokea mlangoni na chupa ya maji. "Bado amelala?" alinong'ona.

Dada Pole alitoka miguuni pa kitanda akaenda mpaka mlangoni, akasimama katikati yake. Uso wake ulifika tu begani kwa yule mwanamke.

"Usiingie, Shangazi."

"Nipishe, binti."

"Sikupishi."

Shangazi alitazama juu ya kichwa chake. "Wifi. Mwambie huyu anipishe."

Mama hakuinuka kutoka magotini. "Nenda nyumbani ukafungashe, Wifi," alisema. "Mwambie kaka yako chochote unachotaka."

"Hutafika wiki," alisema Shangazi. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Utarudi kwenye sakafu ya jikoni. Huyu Pole wako saa kumi na moja anafunga ofisi, anaenda kwao kulala. Wewe utabaki naye. Utaniita, na nitakuja, kwa sababu mimi nakupenda."

Akaiweka chupa ya maji sakafuni, pale kizingitini, akageuka. Ndala zikaenda zikipungua, zikakata kona, zikashuka ngazi, zikapotea.

Hakuna aliyesema Shangazi amekosea. Dada Pole alirudi kitandani, akavuta kiti upande wa pili, akaketi. Alijua kituo chao kinafungwa saa ngapi. Alijua kwamba katika kazi yote aliyoifanya kwa familia hii, hata siku moja hakuwahi kuwepo saa ile ambayo shida yao ilikuwa ikianza.

"Amekwenda, mama," mama alimnong'oneza mwanawe sikioni. Kisha akaacha kunong'ona, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mchana. "Amekwenda. Fumbua macho. Piga kelele ukitaka."

Kope za Filimbi zilitikisika. Mraba wa mwanga ulikuwa umepanda mpaka karibu na dari, ukazidi kuwa mwembamba, ukafutika. Muuguzi alipita akiwasha taa.

Mtoto alikuwa macho, walijua wote wawili. Wakakaa kila mmoja upande wake, wakimtazama alivyojitahidi kulala.